Kamba Kwanza, Mmea Baadaye

Watu wanaoniuliza jinsi ya kutengeneza kining'inizo cha makrame huanza na mmea. Wananitumia picha ya chungu, wananiuliza kama ua hili litapendeza sebuleni au litakaa vizuri zaidi barazani. Mimi huwarudisha kwenye kamba. Mafundo utayajua kabla jua halijazama, chungu utakipata popote, na mmea hata jirani atakumegea. Kamba ndiyo itakayokuzungusha Kampala nzima. Utaingia Kikuubo, kwenye maduka ya jumla, asubuhi na mapema ukiwa na nguvu zako, utoke saa sita umekanyagwa na wabeba mizigo, na mkononi una mpira wa nailoni ya bluu ambao wala hukuutaka.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, makrame ni kazi ya kufunga kamba mafundo kwa mikono mitupu, bila sindano wala kitanda cha mfumi, mpaka kamba zenyewe zigeuke pambo au chombo. Mabaharia waliifanya kupoteza muda melini. Ulaya na Marekani iliwashika sana watu miaka ya 1970, ikasahaulika, kisha ikarudi pamoja na picha za nyumba tunazotazama kwenye simu usiku badala ya kulala. Kining'inizo cha mmea ndicho kazi ya kwanza ya karibu kila anayeanza, kwa sababu hakihitaji kitu kingine zaidi ya kamba, pete, mkasi na mahali pa kutundika.

Maelekezo karibu yote yanasema: nunua kamba ya pamba, unene wa milimita 3 hadi 5. Aliyeandika hivyo ana duka lake la karibu. Sisi tuna kamba za namna nyingine, na nimezifunga zote, kwa hiyo naweza kusema.

Kamba ya plastiki ndiyo imejaa mjini. Hiyo wanayofungia magodoro kwenye bodaboda. Ni rahisi, ni nyepesi, haiozi kwa mvua. Lakini inateleza, fundo ulilokaza jioni unalikuta asubuhi limelegea, na ukiiweka kwenye jua la barazani miezi kadhaa inaanza kukauka na kutoa unga unaowasha vidole. Sijui kwa nini mtu amtundikie mmea wake kwenye kitu hicho. Nailoni ni afadhali. Ina nguvu, na ncha zake unaziunguza kwa kiberiti zikashikana zisifumuke, jambo ambalo pamba haikupi. Tatizo lake ni kwamba nayo inateleza, na inang'aa mng'ao ambao mimi siupendi ndani ya nyumba. Hapo ni macho yangu tu.

Katani inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na inashika fundo kuliko zote. Ukikaza, umekaza. Malipo yake utayalipa kwa viganja: inakwaruza, inamwaga manyoya sakafuni, na ikilowa kila siku inaoza kutoka ndani huku nje ikionekana nzima. Kwa chungu cha udongo kinachokaa pakavu, sina ugomvi nayo. Kuna pia nyuzi za mgomba, zile ambazo Waganda huziita ebyayi na kufungia karibu kila kitu kinachotoka shambani. Zikiwa na unyevu kidogo zinapindika vizuri, zikikauka kabisa zinakatika. Nimeziona kwenye vikapu na mikeka ya kupendeza sana. Kubeba chungu chenye udongo uliolowa hewani, hapana, isipokuwa umezisokota kwanza, na habari ya kusokota nitaifikia.

Halafu kuna ushauri wa fulana za soko la mitumba la Owino. Unanunua fulana kuukuu, unazikata utepe mrefu, unavuta, utepe unajikunja wenyewe unakuwa kama uzi mnene. Ni ushauri mzuri kwa zulia la mlangoni. Kwa kining'inizo, kumbuka kwamba fulana imefumwa ili ivutike, na itavutika: chungu ulichokitundika usawa wa uso utakikuta kinakaribia magoti.

Kinachoniudhi katika haya yote ni kwamba nchi hii inalima pamba. Mbegu zililetwa mwaka 1903 na Kristen Borup wa Uganda Company, kampuni iliyozaliwa ndani ya misheni ya Kianglikana, na katika miaka michache pamba ikawa ndiyo inayolipa kodi na ada za shule Busoga, Teso, Bukedi na kwingineko. Pale Jinja kilijengwa kiwanda cha nguo, Nytil, karibu na umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Wazee wa kwetu Busia wanaitaja Nytil kama jina la ndugu. Baada ya Wahindi kufukuzwa mwaka 1972, pamba iliporomoka na haijawahi kurudi ilipokuwa. Inayovunwa leo, nyingi inachambuliwa mbegu, inafungwa marobota na kusafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Kwa hiyo pamba ya Uganda inakwenda ng'ambo kusokotwa, na mimi nasimama Kikuubo naambiwa kamba ya pamba ni "ya kuagiza, nnyabo, subiri kontena."

Nilipokwamuka ni kwa mafundi makochi. Ukitazama mto wa kochi lililoshonwa vizuri utaona ukingoni kuna mstari wa duara uliovimba. Ndani ya huo mstari kuna kamba, na mara nyingi ni pamba iliyosokotwa nyuzi tatu, milimita 4 au 5, laini, nyeupe ya maziwa. Fundi haioni kama ni kitu cha thamani kwa sababu inafichwa ndani ya kitambaa. Nenda Nsambya kwa maseremala wa barabarani, mwulize anayeshona mito anakonunua kamba ya ukingoni, naye atakuelekeza kwa anayemuuzia, au akukatie kwenye robota lake mwenyewe. Usiseme makrame. Ukisema makrame bei inapanda.

Sasa vipimo. Kwa kining'inizo cha mita moja hivi, kinachobeba chungu chenye mdomo wa sentimita 15, kata kamba 8, kila moja mita 4. Zipitishe kwenye pete, ya mbao au ya chuma, hata ile ya pazia kuukuu, zikunjike zikatoke ncha 16. Maelekezo mengi yatakuambia ukunje katikati, mita 2 kwa 2. Usikunje katikati. Katika kila kundi la nyuzi nne, mbili za katikati zinasimama tu na mbili za nje ndizo zinazofunga, na zinazofunga zinakula kamba mara nne au tano ya urefu wa fundo zinalolijenga. Ukigawa sawa, za nje zitakuishia njiani huku za ndani zikiburuta chini. Kunja kila kamba upande mmoja uwe mita moja na nusu na mwingine mita mbili na nusu, kisha upange makundi manne, mawili mafupi ndani, mawili marefu nje. Hapo kamba itaisha kwa pamoja, na utatupa vipande vidogo tu.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Majanji, mwalo wa Ziwa Victoria upande wetu wa Busia, na siku za mwezi mpevu, wakati dagaa hawafuati taa, alikuwa anashinda barazani akitengeneza nyavu. Fundo la wavu si fundo la makrame. Lile lina uzi mmoja unaozunguka kitanzi na kujibana. Lakini kuna kitu alikuwa anakifanya ambacho sijakiona kwenye video yoyote. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa hakitoki kwenye fundo. Mkono wa kulia unaweza kwenda kuchukua chai, kufukuza kuku, kumpungia mtoto, gumba la kushoto limebana pale pale, na kila fundo jipya linakaa umbali uleule kutoka kwa la jana, bila rula. Watu wananiuliza kwa nini kazi yao imepinda. Wanaachia fundo kabla ya kulikaza, basi.

Fundo lenyewe, nalo ndilo utakalolihitaji karibu kazi nzima, linaitwa fundo mraba. Chukua nyuzi nne. Uzi wa kushoto upitishe juu ya zile mbili za katikati kuelekea kulia, ukiacha tumbo dogo upande wa kushoto. Uzi wa kulia ulaze juu ya mkia wa huo wa kwanza, uzamishe nyuma ya nyuzi za katikati, uuchomoze mbele kupitia kwenye lile tumbo. Vuta pande mbili kwa nguvu sawa, ukipandisha juu. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni vilevile, ila unaanzia kulia. Nusu mbili zikikutana, fundo linalala bapa na haliondoki. Kila fundo zima linaacha kigongo kimoja pembeni, kwa hiyo ukichanganyikiwa, na utachanganyikiwa siku mtoto akilia katikati ya kazi, hesabu vigongo.

Ukirudia nusu ileile, kushoto, kushoto, kushoto, mnyororo wa mafundo hautalala bapa. Utaanza kujizungusha kama ngazi za mnara wa msikiti. Usipambane nao. Ukishafunga nusu chache, nyuzi zako za nje zitakuwa zimejikuta mbele na nyuma badala ya kushoto na kulia. Igeuze kazi mkononi uendelee. Mimi napenda kila mnyororo, mmoja kwa kila kundi la nyuzi nne, uanze na sentimita 20 za mafundo mraba, uache uwazi wa kiganja, kisha umalize na sentimita 10 za kujizungusha. Wengine hutia shanga kwenye ule uwazi. Shanga za karatasi zinazotengenezwa hapa Kampala zinapendeza, lakini zikimwagikiwa maji kila wiki varnishi inaondoka, nami nimeacha kuzitumia kwa mimea.

Chini ya minyororo ndipo kinapozaliwa kikapu. Teremka sentimita 12. Chukua nyuzi mbili kutoka kundi moja na mbili kutoka kundi la jirani, funga fundo mraba moja. Zunguka hivyo mpaka makundi yote manne yamebadilishana majirani. Teremka tena sentimita 8, badilisha tena. Hapo utaona umefuma wavu wenye macho makubwa, na mjomba angekuambia macho yakizidi ukubwa samaki anapita. Chungu pia. Mchanganyiko huu ndio unaokamata chungu. Ukifunga makundi yaleyale kuanzia juu hadi chini bila kubadilishana, chungu kitapenya katikati ya nyuzi.

Halafu unakusanya zote 16 na kuzifunga kwa fundo la kuzungusha, ambalo pia linakaa juu kabisa chini ya pete. Hili ndilo linalowatisha watu, na ndilo nililoonyeshwa vizuri zaidi na jirani yangu, mama wa Bukavu, Kongo, anayeshona vitenge chumba cha tatu kutoka kwangu. Alikuwa anatumia fundo hilohilo kumalizia mishikio ya mikoba. Chukua kamba ya pembeni ya mita moja. Fanya kitanzi kirefu, kilaze juu ya kifurushi cha nyuzi, tumbo la kitanzi likitazama chini na ncha fupi ikichungulia juu. Ncha ndefu izungushe kutoka juu kwenda chini, ikifunika kitanzi na nyuzi zote, mzunguko ukibana mzunguko, mara saba au nane. Ukifika chini, pitisha ncha ndefu ndani ya kile kitanzi kilichobaki kinachungulia. Sasa shika ncha fupi ya juu, uvute. Kitanzi kinazama ndani kikiburuta ncha ndefu, na ukifika katikati ya mzingo unasikia mkononi kama kitu kimekataa. Simama hapo. Ukivuta zaidi kitatokea juu na kazi yote itafunguka. Kata ncha zote mbili karibu na mzingo, kisha chanua mikia ya chini kwa chanuo la nywele.

Usiweke mmea bado. Jaza kidumu cha lita 3 maji, ukitie ndani, ukiache kinaning'inia usiku kucha. Lita 3 ni kilo 3, na chungu kidogo kilichomwagiliwa hakipiti hapo kwa mbali. Pamba itavutika kidogo, mafundo yatakaa, na kama kuna mnyororo mmoja mfupi kuliko wenzake utauona asubuhi kwa namna kidumu kilivyoinama. Hapo bado unaweza kurekebisha.

Kuhusu mahali pa kutundika, tuseme ukweli: wengi wetu tumepanga, na mwenye nyumba hataki kusikia sauti ya drili. Lakini mwenye nyumba huyohuyo ameweka vyuma vya dirisha vya kuzuia wezi kwenye kila dirisha, vimechomelewa ukutani na vinaweza kumbeba mtu mzima. Tundika hapo. Kama una baraza yenye mapao ya mbao, kulabu ya kuskrubu inatosha, mradi iingie kwenye pao lenyewe na si kwenye ubao wa dari. Dari zetu nyingi hazibebi hata feni.

Mwanga nao una habari yake. Vitabu vilivyoandikwa London vitakuambia uweke mmea kwenye dirisha la kusini. Kampala iko theluthi ya nyuzi moja tu kaskazini ya ikweta. Ukienda Masaka unauvuka mstari pale Kayabwe, na kuna watu wanashuka kupiga picha. Kwetu jua linaegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na saa sita mchana liko utosini, halimwingilii mtu dirishani. Linaloingia ndani ni la asubuhi na la jioni. Kwa hiyo dirisha la mashariki ndilo zuri: jua la saa moja hadi saa tatu, halafu mwanga mtulivu. La magharibi linachoma majani, hasa miezi ya kiangazi ambapo mchana kutwa ukuta umekuwa ukipata moto.

Mimea inayofaa ni ile inayomwaga matawi. Inayouzwa sana kando ya barabara ni ile wanayoiita mmea wa pesa, wenye majani ya moyo yenye madoa ya njano. Asili yake ni kisiwa cha Moorea huko Polinesia, na utomvu wake unawasha mdomo vibaya mtoto au paka akitafuna, kwa hiyo kuutundika juu kuna faida zaidi ya urembo. Mimi nauona mzuri, lakini moyo wangu uko kwa mmea wa buibui, ule wa majani membamba yenye mstari mweupe unaorusha vitoto kwenye vikonyo virefu. Huo ni wa Afrika, umetoka huku tropiki mpaka kusini, ukaenda kupata umaarufu kwenye madirisha ya Ulaya, na sasa tunauziwa ukiwa kwenye chungu cha plastiki kama mgeni. Usinunue. Omba kitoto kimoja, kiweke kwenye glasi ya maji, kitatoa mizizi chenyewe.

Usimwagilie chungu kikiwa kinaning'inia. Kishushe, kimwagilie kwenye beseni, kiache kichuruzike, kirudishe. Kamba ya pamba inayolowa kila siku itaota ukungu mweusi, hasa mwezi Aprili na Novemba ambapo hata taulo hazikauki. Na ukiweka kisahani chini, usiache maji yalale humo. Mbu tunao wa kutosha. Vumbi jekundu likishaigeuza kamba rangi ya chai, ifue kwa sabuni ya mche na maji vuguvugu, uianike kivulini.

Kuna wanaonunua vyangu, na kuna wanaotaka kununua kwa bei ya kamba. "Si ni mafundo tu?" Ukiona vyaelea vimeundwa, na vinavyoning'inia je? Napanga bei hivi: gharama ya kamba, mara mbili, ongeza saa zangu kwa kiwango ambacho fundi cherehani wa mtaani angelipwa. Anayeona ni ghali namwonyesha fundo mraba bure. Wengine wamekwenda wakatengeneza wenyewe, na sina kinyongo, ila waache kunipigia saa nne usiku kuuliza kwa nini kimejizungusha.

Jirani yangu wa Bukavu alinitazama siku moja nikipima kamba ya makochi kama dhahabu, akacheka. "Dada, ulitosha feza juu ya kamba? Na hizi bitambala natupaka kila siku?"

"Mama, vile ni vipande vifupi."

"Bifupi, lakini biko mingi."

Alichukua tepe mbili za kitenge, upana wa vidole viwili, akazifunga ncha kwenye mguu wa cherehani. Kila utepe aliusokota peke yake kuelekea kulia, mpaka ukaanza kujikunja wenyewe. Kisha akazipindisha zote mbili pamoja kuelekea kushoto. Tepe mbili zinazotaka kujifungua upande mmoja zinabanwa na msokoto wa upande wa pili, basi kamba haifunguki. Ndivyo katani inavyosokotwa, na ndivyo bibi zetu walivyosokota nyuzi za mgomba juu ya paja. Utepe mmoja ukikaribia kuisha anaulaza mwingine juu yake na kuendelea kusokota, na ujanja ni kutoruhusu tepe zote mbili ziishe mahali pamoja. Kitenge kimefumwa kwa nyuzi zilizonyooka zinazopishana, si kama fulana, kwa hiyo hakivutiki. Chagua cha pamba. Cha poliesta kinateleza, na utakijua ukichoma uzi wake: unayeyuka na kuwa tone gumu badala ya kuwa majivu.

Kamba yake ni nene kuliko ninayoitumia, ina rangi zote za harusi alizoshona mwaka huo, na inashika fundo vizuri mno. Yeye hajatundika mmea. Ametundika beseni la vitunguu na nyanya juu ya jiko, panya wasifikie, na ameniagiza nimfungie kingine cha ndizi, macho ya wavu yawe makubwa zaidi ili hewa ipite.